Amel au Anery? Kumchagua nyoka wa mahindi kabla hujatoa pochi

Mpwa wangu ana miaka kumi na miwili, na kwa miaka miwili mfululizo zawadi aliyoomba ni moja tu: nyoka. Mama yake, dada yangu, ni mzaliwa wa Muheza, na kwake nyoka mzuri ni yule aliyekwisha pigwa. Mwezi wa tatu alisalimu amri kwa masharti: mnyama akae chumbani kwa mtoto, asitajwe wakati wa kula, na mjomba mtu ndiye awe mdhamini. Basi Jumamosi moja tukajikuta kwenye maonyesho ya wanyama watambaao hapa North Carolina, mbele ya meza iliyopangwa vikopo vya plastiki kama vya achari, kila kikopo na kinyoka chake kilichojikunja, unene wa penseli. Juu ya vifuniko kulikuwa na majina: Amel, Anery, Snow, Ghost, Butter, Bloodred, Motley.

"Mjomba," akaninong'oneza, "hawa wote ni nyoka mmoja?"

Ni mmoja. Kitaalamu anaitwa Pantherophis guttatus, na kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia New Jersey kushuka hadi Florida, na magharibi hadi Louisiana. Hana sumu, panya anamuua kwa kumbana. Akikua hufika mita moja hadi moja na nusu, na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. Kuhusu jina, wapo wanaosema alizoeleka kwenye maghala ya mahindi akifuata panya, na wapo wanaosema ni tumbo lake, lenye miraba myeusi na myeupe kama punje za mahindi ya madoadoa. Mgeuze tumbo juu uone, kisha uchague hadithi yako.

Hizo rangi na michoro tofauti ndizo wafugaji wanaziita mofu. Matunzo ni yaleyale kwa karibu zote: upande mmoja wa kizimba joto la nyuzi 28 hadi 30, upande wa pili pa kupoa, mahali pa kujificha, maji, kifuniko kinachofungwa kwelikweli (hawa ni watoro sugu), na panya waliogandishwa kisha wakayeyushwa. Tabia nayo haifuati rangi. Kwa hiyo anayekuambia Snow ni mpole kuliko Okeetee anakuuzia maneno. Kinachotofautiana ni bei, kilichojificha kwenye ukoo, na jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau wakiinamia vikopo: nyoka unayemwona leo siye utakayekaa naye miaka kumi na tano.

Rangi ya asili: Okeetee na Miami

Kinyoka cha rangi ya asili kikitoka kwenye yai hakivutii. Ni cha kijivu chenye viraka vya kahawia iliyokolea, na watu hukipita mezani bila kukitazama mara ya pili. Rangi ya chungwa huja pole pole kila anapojivua gamba. Ukivumilia mwaka mmoja na nusu unapata nyoka ambaye, kwa macho yangu, bado hajapatikana wa kumpita.

Katika rangi ya asili kuna majina mawili utakayoyaona sana. Okeetee ana mwili wa chungwa, viraka vyekundu mgongoni, na kila kiraka kimezungushiwa mstari mnene mweusi, utadhani mtu amepita na kalamu ya wino. Jina limetoka kwenye kilabu cha uwindaji cha Okeetee, wilaya ya Jasper, South Carolina, na aliyelivumisha ni Carl Kauffeld wa bustani ya wanyama ya Staten Island, kwa maandishi yake ya miaka ya 1950. Miami yeye mwili wake ni wa kijivu au fedha, viraka vyake ni vya chungwa inayowaka, na mstari mweusi ni mwembamba. Okeetee ni joto tupu. Miami ana ubaridi unaokifanya kile chekundu kionekane zaidi.

Hapa kuna mtego mdogo. Okeetee na Miami si jeni. Ni ukoo uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi, na siku hizi wengi wanaouzwa kwa jina la Okeetee hawana uhusiano wowote na Jasper, wamefanana tu. Mtoto peke yake hakuambii chochote. Omba picha za baba na mama, na muuzaji asipokuwa nazo, lipa bei ya nyoka wa kawaida.

Kwa sisi tunaokaa huku kwao, rangi ya asili ina hasara moja ambayo haimo kwenye vitabu vya matunzo. Inafananafanana na ya nyoka wa kichwa cha shaba, ambaye ana sumu. Jirani yangu alimkata mmoja kwa koleo pembeni ya banda lake la kuku, akaniita kwa fahari nije kuona. Nilimgeuza: miraba myeusi na myeupe, tumbo zima. Akitoroka Amel, jirani atapiga simu. Akitoroka wa rangi ya asili, atachukua koleo.

Amel na Anery

Huu ndio uamuzi hasa wa mtu anayeanza, kwa sababu hawa wawili wanapatikana kila mahali, bei yao ni dola makumi kadhaa tu, na karibu kila mofu ya kifahari imejengwa juu ya mmoja wao.

Amel ni kifupi cha amelanistiki, yaani asiye na melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi. Ngozi ya nyoka ina seli za rangi za aina kadhaa: za weusi, za nyekundu na njano, na nyingine zinazoakisi mwanga. Kwa Amel weusi ndio uliotoka, mengine yamebaki. Ndiyo maana hawi mweupe kama mtu anavyotarajia akisikia neno ualbino. Anakuwa chungwa na nyekundu, pale palipokuwa na mstari mweusi panabaki peupe, na macho yake ni mekundu. Katika miaka ya 1950 dume mmoja wa namna hiyo alikamatwa hapahapa North Carolina, akafika mikononi mwa Bernard Bechtel, daktari wa ngozi wa Valdosta, Georgia. Yeye na mkewe Elizabeth wakamzalisha, na mwaka 1962 wakachapisha ushahidi kwamba rangi ile inarithiwa kwa jeni fiche: mtoto lazima apate nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Biashara yote unayoiona leo imeanzia hapo.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha jeni yenyewe ni ipi. Ni OCA2. Nilisoma jina hilo mara mbili, kwa sababu ndiyo jeni ileile inayohusika na ualbino wa watu wengi Tanzania na Afrika kusini mwa Sahara kwa jumla. Tofauti ni kwamba binadamu hana seli za rangi nyekundu na njano za kumbakizia kitu, nyoka anazo. Linalofanana ni macho: ya Amel hayana kinga ya rangi dhidi ya mwanga mkali. Usimwekee taa kali juu ya kichwa, na mpe maficho upande wa joto na upande wa baridi.

Ukikuta Candy Cane, Reverse Okeetee na Sunglow kwenye meza moja kwa bei tatu tofauti, jua wote ni Amel. Candy Cane ametokana na ukoo wa Miami, hivyo ana viraka vyekundu juu ya weupe. Reverse Okeetee ana ule mstari mnene, sasa mweupe. Sunglow amechaguliwa hadi weupe ukapotea, akabaki chungwa mwili mzima. Unalipia uchaguzi wa mfugaji, na wakati mwingine inastahili. Lakini Candy Cane wengi hupakwa chungwa na umri, ule weupe wa mwili ulioupenda ukageuka kama chai ya maziwa.

Anery ni kinyume chake. Nyekundu imetoka, weusi umebaki: kijivu, fedha, viraka vyeusi au vya mkaa. Huyu hakutengenezwa na mtu. Kusini-magharibi mwa Florida wanapatikana porini. Akiwa mdogo ana mvuto wa picha ya zamani isiyo na rangi. Akikua, kijivu huelekea kahawia kwa wengi, na kidevuni hadi pembeni mwa shingo hujitokeza njano, kwa sababu karotenoidi, rangi za njano zitokazo kwenye chakula, hujikusanya kwenye ngozi kadiri umri unavyosogea. Wapo wanaoichukia hiyo njano kama doa la chai kwenye shati. Mimi naipenda; bila hiyo Anery mkubwa angekuwa wa jivu tupu. Asiyeitaka amtafute Charcoal, jeni nyingine inayoondoa nyekundu na kuiacha njano kidogo sana, au Ghost, ambaye ni Anery aliyepunguziwa weusi na jeni ya hypo, akawa wa kijivu laini chenye waridi kwa mbali.

Sasa waweke sebuleni. Amel anaonekana toka mlangoni, mgeni anamwona kabla hajaketi, na mwaka hadi mwaka anazidi kukolea. Anery anatakiwa usogee. Amel mdogo anakuahidi anachokupa. Anery mdogo anakuonyesha kitu kimoja na kukupa kingine.

Weupe ambao si weupe

Ukimpandisha Amel kwa Anery, watoto wote wanatoka na rangi ya asili, ila kila mmoja amebeba jeni zote mbili kimya kimya. Pandisha hao kwa hao, na kwa wastani mtoto mmoja katika 16 anakosa weusi na nyekundu kwa pamoja. Huyo ndiye Snow. Jike hutaga mayai kati ya 10 na 30, kwa hiyo unaweza kungojea siku 60 za kuatamiza usipate hata mmoja, au ukapata watatu. Siku hizi watu hupandisha Snow kwa Snow, wanatoka Snow watupu, na bei imeshuka.

Kinyoka cha Snow ni cha waridi, ngozi inapenya mwanga kiasi kwamba akimeza panya unaona kivuli chake tumboni. Halafu anakua. Njano ileile ya Anery inakuja shingoni, viraka vinarudi kwa rangi ya krimu au waridi, wengine wanapata hata ukijani kwa mbali. Ni nyoka mzuri sana, lakini aliyenunua theluji atajiuliza imeyeyukia wapi. Kama unachotaka ni weupe wenyewe, tafuta Blizzard, ambaye ni Amel na Charcoal kwa pamoja: michoro inafifia hadi uitafute kwa tochi, na njano ni kidogo. Ni ghali kuliko Snow, si sana. Kuna pia Opal, Amel na Lavender kwa pamoja, ambaye akiwa mdogo hata wauzaji huwachanganya na Snow.

Huyo Lavender mwenyewe ni mtihani wa subira. Akianguliwa ni wa kijivu tu kama Anery aliyepauka, na kwa miaka miwili hivi anageuka zambarau ya kijivu ambayo kamera haiishiki. Caramel naye huanza vibaya, kahawia isiyo na uhai, kisha njano inapanda. Akikosa na weusi anaitwa Butter, ambaye akikomaa ni njano ya siagi hasa. Kati ya Snow na Butter kwa bei inayokaribiana, mimi namchukua Butter bila kufikiri, maana huyu anaboreka kadiri anavyokua.

Michoro

Rangi ni nusu ya habari. Motley ana viraka vilivyoungana mgongoni vikaacha miduara katikati, kama tundu za filimbi. Stripe ana mistari inayonyooka toka shingoni kwenda mkiani. Jeni zao zinakaa mahali pamoja kwenye kromosomu, na wote wawili tumbo lao halina ile miraba. Nasema hivi kwa sababu watu hununua Motley kisha wanaingia wasiwasi kwamba wameuziwa nyoka mwingine.

Tessera ana mstari mwembamba katikati ya mgongo na ubavuni vipande vidogovidogo kama vigae vilivyopangwa na fundi mwenye haraka. Umuhimu wake kwa mfugaji ni kwamba jeni yake ni tawala: mzazi mmoja anatosha, na takriban nusu ya watoto wanatoka nayo. Kwa anayetaka kuzalisha, Tessera anarudisha fedha mapema. Kwa anayetaka nyoka mmoja wa kutazama, Motley anafanya kazi ileile kwa bei ndogo.

Bloodred nampa nafasi yake. Anaanguliwa na kichwa cha kijivu na michoro iliyochafuka ubavuni, tumbo halina miraba, halafu miaka miwili au mitatu michoro inayeyuka ndani ya mwili hadi abaki nyekundu moja iliyoiva, kama tofali lililomwagiwa maji. Hakuna mofu inayobadilika kuliko hii. Ila ukoo wa Bloodred una sifa ya watoto wanaosusa chakula. Porini vinyoka vya mahindi hupenda mijusi, na baadhi ya hivi havitaki kusikia habari za panya mpaka umpake harufu ya mjusi. Niliwahi kukaa wiki saba na kimoja, kila Jumapili naweka kitoto cha panya, kila Jumatatu nakitoa. Siku ya kula kilikula saa nane usiku, nami nikiwa nimeketi sakafuni gizani kama mwizi. Watu wazima hawana shida hiyo. Basi nunua Bloodred aliyekwisha fika umri wa miezi sita na ana kumbukumbu ya milo, hata kama anazidi bei.

Wale nisiomnunulia mtoto

Scaleless hana magamba mgongoni. Ya tumboni anayo, ndiyo anayotembelea. Rangi zake zinawaka kwa sababu hakuna kinachozifunika, na ukimshika ni kama ncha ya sikio. Ukoo wake ulipitia kwa nyoka wa jamii ya karibu, Pantherophis emoryi, bei ni mamia ya dola, na kizimba chake hakitaki kitu chochote chenye makali. Simchukii mwenye kumfuga. Ila kwa mtoto anayepanga mawe na magogo anavyotaka, hapana.

Palmetto ni mweupe aliyenyunyiziwa vitone vya rangi, na asili yake ni dume mmoja wa porini South Carolina. Sina la kumsema vibaya isipokuwa bei. Creamsicle ni mzuri, laini kama aiskrimu ya chungwa, ila ni chotara na emoryi yuleyule. Muulize muuzaji, na usije ukamzalisha ukauza watoto kama nyoka wa mahindi halisi.

La kuangalia kwa makini ni Sunkissed. Rangi yenyewe haina kosa, ni ya jua la jioni. Lakini katika koo hizo ilijitokeza jeni fiche nyingine ya maradhi ya mishipa ya fahamu: nyoka mwenye nakala mbili huinua kichwa juu kama anayehesabu nyota, hujipindua, hushindwa kujigeuza akilala chali. Mwenye nakala moja haonekani kabisa. Kipimo kipo, kinafanywa maabara kwa kipande cha gamba lililovuliwa. Kwa Sunkissed, au mofu yoyote yenye Sunkissed ndani yake, mimi sitoi hela bila majibu ya kipimo cha wazazi.

Na ukiona kwenye kifuniko "66% het" (het ni nyoka aliyebeba nakala moja tu ya jeni fiche), maana yake si kwamba nyoka ana theluthi mbili za kitu. Wazazi wote wawili walibeba jeni fiche, na mtoto huyu mwenye rangi ya kawaida ana nafasi mbili katika tatu za kuibeba naye. Kama huna nia ya kuzalisha, hiyo namba haikuhusu, usiilipie.

Tulirudi kwenye ile meza baada ya kuzunguka ukumbi mzima. Nilimwekea mpwa wangu vikopo viwili mbele yake, Amel na Anery, nikamtolea simu yangu yenye picha za wakubwa wa kila mmoja. Muuzaji alikuwa na daftari: tarehe ya kuanguliwa, milo, siku za kujivua gamba. Amel alikuwa amekula mara tatu na kukataa mara mbili. Anery alikuwa amekula mara tano mfululizo. Mtoto alitazama picha kwa muda mrefu, akauliza kama ni kweli atakuwa na kidevu cha njano. Nikamwambia huenda, wengi huwa nacho.

"Huyu, mjomba."

Alikipakata kikopo magotini njia nzima. Dada yangu alisimama mlangoni mikono kiunoni, akachungulia kwa mbali, akasema afadhali huyu hana rangi za makelele, akaenda zake jikoni.

Miezi tisa baadaye, saa tatu usiku, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kutoka kwa dada, si kwa mtoto. Ilikuwa picha ya karibu sana ya shingo ya nyoka, ya kijivu, na chini ya taya mstari wa njano. Chini yake ameandika: "Kaka, hebu angalia. Mnyama wenu huyu asije akawa na homa ya manjano?"